Neno "OK" halikuzaliwa vitani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe maelezo ambayo nimeyasikia mara nyingi hapa Tabora, kwenye vijiwe vya kahawa na hata madarasani, kwamba neno "OK", ambalo sisi hulitamka "oke" au "okei", lilitoka vitani. Wasemao hivyo hueleza kuwa Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, askari waliandika sifuri na herufi K, ya neno la Kiingereza "killed", yaani waliouawa, ubaoni kila jioni ambayo hakuna mwenzao aliyeuawa, na kwamba ndiyo sababu neno hilo likachukua maana ya salama. Ni hadithi tamu. Mimi mwenyewe niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka kadhaa kabla sijajua kuwa si kweli, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Vita vile vilianza mwaka 1861. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kuchapishwa miaka 22 kabla yake, tarehe 23 Machi 1839, katika gazeti la Boston Morning Post. Siku hizo waandishi wa magazeti ya Boston walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, na ili utani ukolee waliyaendeleza kwa makosa ya makusudi. "All correct", yaani yote ni sahihi, wakaiandika "oll korrect", kisha wakabakiza herufi ya mwanzo ya kila neno, "O.K.", na "all right", yaani vema, ikawa "O.W." kwa kuwa waliiendeleza "oll wright". Asiyeuelewa utani huo na awatazame vijana wetu wanaoandika "xaxa" kwa "sasa" na "cjui" kwa "sijui" kwenye simu zao, wakati wanajua vizuri jinsi maneno hayo yanavyoandikwa.

Vifupisho vingi vya wakati ule vilikufa. Hiki kilinusurika kwa sababu ya siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1840, Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, aliitwa na wafuasi wake "Old Kinderhook", yaani Mzee wa Kinderhook, nao wakaunda kilabu walichokipa herufi O.K. Wapinzani hawakukaa kimya: walieneza kwamba herufi hizo zilitokana na Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, ambaye walidai hakujua kuendeleza maneno. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini kelele za kampeni zilikuwa zimekwisha kulifikisha neno mbali na Boston. Haya yote yalichimbuliwa na mtaalamu wa lugha Allen Walker Read, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964.

Yapo madai mengine. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" akiamini kuwa neno ni la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, naye mtaalamu David Dalby alitetea asili ya Afrika Magharibi, hasa lugha ya Kiwolof, kupitia watu waliopelekwa utumwani. Kama Mwafrika ningefurahi sana hoja hii ya pili ithibitike, maana mchango wa babu zetu katika lugha za Amerika umefichwa mno. Hata hivyo, maandishi yaliyopatikana yanaelekea Boston, na furaha yangu haiwezi kuwa ushahidi.

Linalonigusa zaidi ni maana za neno hili, kwa sababu hapo ndipo linapotugharimu. Watuma telegrafu wa reli za Marekani walilitumia kujibu kwamba ujumbe umefika, na sisi wa Tabora, ambao mji wetu ulifikiwa na reli mwaka 1912 kabla haijaendelea hadi Kigoma, twaweza kuelewa umuhimu wa jibu fupi kama hilo kutoka stesheni hadi stesheni. Lakini "ujumbe umefika" si sawa na "nakubali". Leo neno hilohilo hubeba maana ya nimesikia, nimeelewa, nakubali, siyo mbaya sana, tuendelee, na hata tuishie hapa. Ni kweli kwamba "haya" na "sawa" nazo zina utata wake, tofauti ni kwamba sisi tumezaliwa nazo, na sauti tu ya "haya!" yatosha kutuambia kama mtu ameridhika au amechoka kubishana. Herufi mbili zilizoandikwa kwenye karatasi hazina sauti.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Wakazi wa mtaa wetu tuliandika barua kuomba kalavati pale ambapo watoto huvuka maji wakienda shule. Nakala ilirudi ikiwa na neno "OK", sahihi na tarehe pembeni. Tulishukuru, tukakusanya mawe na mchanga, tukangoja msimu mzima wa mvua. Tulipokwenda kuuliza, tukaambiwa kwa upole kabisa kwamba neno lile lilimaanisha barua imeonekana. Sidhani kama kulikuwa na hila. Aliyeandika alikuwa na maana yake, nasi tulisoma yetu, na zote mbili zimo ndani ya neno.

Kwa hiyo nawaomba wanaopokea barua za wananchi waandike "imepokelewa" pale ilipopokelewa tu, na "imekubaliwa" pale ilipokubaliwa. Mawe yetu bado yapo kando ya njia, na barua ya pili tumekwisha kuipeleka.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Isevya, Tabora.