YAH: SAHANI ZA AGARI ZINAZOPOTOSHA HESABU YA MAKOLONI YA BAKTERIA

Maabara ya Kupima Maji na Vyakula,
Chake Chake, Pemba.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Nawaandikia kulalamikia sahani za agari, yaani rojo iliyogandishwa ya kuoteshea bakteria, mnazotuuzia zikiwa tayari zimemiminwa, ili zitumike na mashine yenu ya kuhesabu makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoota juu yake. Nalalamikia pia jibu lenu la awali kwamba kasoro inatokana na namna tunavyozimua sampuli. Jibu hilo silikubali, kwa kuwa sahani tupu, ambayo haikutiwa sampuli wala kuingizwa katika inkubeta (kabati la joto la kuoteshea bakteria), mashine iliisoma kuwa ina makoloni 17.

Tulipoiinua sahani hiyo mbele ya dirisha tuliona vipovu vya hewa vilivyogandia ndani ya agari, vidogo mfano wa punje za mtama, na katika picha ya mashine kila kipovu kilikuwa kimezungushiwa duara jekundu. Mtaalamu akikitazama kipovu hukitambua mara moja, lakini kamera huona doa la mviringo lenye ukingo, nayo ikahesabu. Sampuli ikiwa imezimuliwa mara 100 na kutiwa mililita moja katika sahani, vipovu hivyo 17 hugeuka bakteria 1,700 kwa kila mililita, na muuza barafu ya samaki akaambiwa barafu yake ni chafu kwa kosa lisilo lake. Tena sahani inayokubalika kuhesabiwa kwa kawaida ni yenye makoloni 30 hadi 300. Yenye 20, ambayo tungeitilia shaka, ikiongezewa vipovu hupita bila ya kuulizwa.

Unene nao hauko sawa. Sahani ya milimita 90 hutiwa mililita 15 hadi 20 za agari yenye joto la nyuzi 45 hadi 50, juu ya meza iliyonyooka. Zenu zimelalia upande mmoja, na huko kwenye unene mwanga unaotoka chini hufifia, makoloni madogo yasionekane.

Aidha, hufika zimelowa chini ya vifuniko, maana husafirishwa kwa meli kutoka Unguja ndani ya katoni za kawaida, bila ya sanduku la baridi. Maji yakidondokea agari, bakteria husambaa na makoloni yakaungana. Inatulazimu kuzikausha wenyewe kabla ya kuzitumia, kazi ambayo tumekwisha kuwalipa ninyi. Na sijui ni nani aliyeamua kubandika lebo katikati ya kitako, pale pale kamera inapotazama, ilhali ubavuni pana nafasi ya kutosha.

Tunaomba shehena hii ibadilishwe kwa gharama yenu, lebo zihamishiwe ubavuni, na fundi wenu aje asomeshe mashine sahani tupu mbele yetu. Hadi hapo tutaendelea kuhesabu kwa macho na kalamu, na malipo ya shehena ijayo tumeyasimamisha.

Wenu katika kazi,
Msimamizi wa Maabara