Gamba linalojijenga lenyewe

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo kliniki. Umeniuliza ile sindano ya kukinga VVU, ya mara mbili kwa mwaka, inafanya nini hasa. Siwezi kukujibu bila kuanza na gamba, maana ndilo kazi yangu ya kila siku.

Jeni za kirusi hukaa ndani ya gamba la protini lililochongoka upande mmoja. Maabara hatuhitaji kirusi chenyewe. Bakteria hutuzalishia protini hiyo, tunaisafisha, inabaki maji maangavu kichupani. Tia chumvi nyingi, hiihii ya mezani, na maji yanaanza kutibuka ukiyatazama. Tone lake chini ya hadubini ya elektroni linaonyesha mirija mirefu iliyonyooka. Hakuna aliyeipanga, Rehema! Protini zimeshikana sitasita, kila kundi na jirani yake.

Ila mirija si gamba. Ili lifunge pande zote, kati ya pembesita zaidi ya 200, yaani yale makundi ya protini sitasita, lazima ziingie pembetano 12 za protini tanotano, wala si 11 wala 13, kama viraka vyeusi vya mpira wa miguu wa zamani. Saba hukaa upande mpana, tano kwenye ncha. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kinachosaidia: IP6, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli zetu, na hata kwenye maharage. Inakaa katikati ya duara la protini na kutuliza chaji zinazosukumana. Ukiitia kichupani, unapata magamba yaliyochongoka, karibu sawa na ya kirusi halisi. Yaani kirusi kinajijenga kwa kitu kilichokikuta kwetu. Mimi hilo bado linanishangaza.

Sasa sindano. Dawa iliyomo ndani yake, lenacapavir, hujipenyeza kati ya protini mbili zilizo jirani. Protini haziachi kujenga. Zinajenga kwa pupa, magamba yanatoka kombo na hayafungi. Gamba lililokwisha kukamilika nalo linakakamaa na kupasuka kabla halijafikisha jeni kwenye kiini cha seli. Dawa inakibana kirusi kikiingia, na tena kikijiunda upya.

Matokeo ya Uganda na Afrika Kusini yaliyotangazwa 2024 uliyasikia: kati ya mabinti na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna aliyeambukizwa hata mmoja. Ikifika kwenu niandikie upesi, uniambie wanawake wanaipokeaje na wanauliza nini.

Wako,
Saida