Barua ya wazi kwa Afisa Mkuu wa Afya ya Umma wa kaunti yetu: bandika majibu ya maji

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote zinazostahili cheo chako, nakuandikia hadharani kwa sababu mlangoni kwako nimebisha hodi mpaka nimechoka.

Juzi kile kituo cha kujaza maji cha mtaani kwetu kimefunguliwa tena. Karatasi yenu ya kukifunga imebanduliwa, mipira ni ile ile, matangi ni yale yale, na mitungi ya lita 20 imepangwa nje tena. Nilimuuliza kijana anayeuza kama maji yamepimwa. Akasema, "Mama, kaunti imeturuhusu." Nikaja kwenu kuuliza kaunti imetazama nini hata ikaruhusu, na karani akanijibu kwamba majibu ya maabara ni ya ofisi, ila nisihofu, vijidudu havikuonekana.

Mheshimiwa, kwenye baraza la chifu hukusema hivyo. Maafisa wako walichukua sampuli tukiona kwa macho yetu, nawe ukaahidi kwamba majibu yakitoka yatabandikwa pale pale kwa chifu, kila mtu ayasome. Wazee wakakupigia makofi. Ubao wa chifu una matangazo ya harambee na ya vitambulisho vilivyopotea. Majibu ya maji hayapo.

Maji ya bomba kwetu huja yanapotaka, na visima vingi vya Pwani ni vya chumvi. Mwenye mtoto mchanga atafanyaje? Mimi maziwa yangu yalikatika mapema, kwa hiyo mwanangu amekuzwa kwa maziwa ya kopo, na kila kikombe nimekikoroga kwa maji ya mtungi huo. Kisha tukaanza kusikia ladha ya chuma ulimini, na mtungi ukikaa unaacha unga mwekundu chini. Unga huo huenda ni kutu tu. Kinachoninyima usingizi ni sumu zile zisizoonekana wala kuonjeka: risasi (ile metali iliyomo ndani ya betri), kadimiamu, aseniki.

Kipimo cha vijidudu hakioni risasi. Taa ya kuulia vijidudu inayowekwa kwenye vituo vya maji haiigusi. Nikiyachemsha, maji yanapungua na risasi inabaki pale pale, tena imekolea zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 za risasi kwa lita moja ya maji, aseniki vilevile, na kadimiamu 0.003. Na juu ya hayo linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na inapompata zaidi ni ubongoni. Wangu amechelewa kutamka. Daktari hajasema ni maji, nami siwezi kuapa kuwa ni maji. Lakini wewe una karatasi ambayo ingeniambia, na umeifungia kabatini.

Nina shaka zangu. Kisima cha kituo hicho kiko jirani na gereji ambako betri kuukuu hupasuliwa na maji yake kumwagwa chini. Au pengine ni zile koki za bei rahisi, maana nyingine huchanganywa risasi.

Pwani hii si ngeni kwa risasi. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa mwaka 2014, watoto wakiwa wamekwisha kuathirika. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikawanyang'anya, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo, na kuna waliozikwa wakisubiri. Mimi siombi fidia. Naomba karatasi moja.

Katiba, kifungu cha 43, inanipa haki ya maji safi na salama. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kujua anachouziwa. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakupa siku 21 za kunijibu, na ombi langu la maandishi limepigwa muhuri ofisini kwako.

Kama risasi ilipimwa, bandika namba zake kwa chifu. Kama haikupimwa, sema haikupimwa, kifunge kituo, uchukue sampuli upya na uzipeleke kwa Mkemia wa Serikali, tukiona kama tulivyoona mara ya kwanza. Usituandikie neno "salama" peke yake. Bandika namba, Mheshimiwa. Uliahidi mbele ya watu.

Wako kwa heshima,
Mama wa mtaani, mnunuzi wa maji hayo