Bahari inaikaribia Tongoni

Mhariri,

Jumamosi nilipanda daladala ya Pangani na mjukuu wangu, tukashuka kwenye magofu ya kale ya Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa Tanga. Makaburi ni zaidi ya 40, ya matumbawe na chokaa, kando ya msikiti uliobomoka. Baadhi yalikuwa na nguzo ndefu, na karibu zote zimeanguka, zimelala majanini vipande vipande. Mjukuu alitia mkono kwenye kishimo cha duara katika nguzo, akauliza cha nini. Nikamweleza kuwa wazee wetu walipachika humo mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa majahazi. “Sasa bakuli liko wapi, bibi?” Nilishindwa kumjibu.

Linaloniuma zaidi ni bahari, inavyoumega ufuko mwaka hadi mwaka. Kilwa Kisiwani walijenga kuta na kupanda mikoko, na mwaka 2014 magofu yale yakaondolewa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Tongoni nayo inastahili kulindwa hivyo, kabla kusi nyingine haijavuma.

Walimu wenzangu, leteni watoto. Nitawatembeza mwenyewe, miguu bado inanibeba.

Mwalimu mstaafu,
Tanga