Barua kwa wifi anayeuliza tunarudi lini

Wifi yangu,

Salamu zako nazipata, ila zinanifikia kwa kuzunguka: kwa mama mkwe, kwa yule binamu wa Tandika, juzi hata kwa kijana aliyekuja na meli kuleta nyaya. Ujumbe ni ule ule. Eti nimemweka ndugu yako ufukweni, anaota jua na watalii, na nyumba yetu ya Mbagala, Dar es Salaam, inaota kuvu. Kwa kuwa ujumbe umepita kwa watu wengi, jibu nalo nimeona lipite hapa, kila aliyeusikia alisome.

Ndugu yako simzuii mimi. Tulikuja Jambiani, kijiji cha pwani kusini mashariki mwa Unguja, kwa kazi ya muda, kufunga umeme kwenye hoteli ndogo, na hesabu yetu ilikuwa kumaliza kabla ya masika. Mvua ikatangulia. Masika ya huku hayana mchezo: hoteli nyingi zinafunga Aprili na Mei, tajiri anashika pesa yake, mchanga wa ujenzi hauji, fundi anabaki kutazama paipu ukutani. Mvua ilipokata, tajiri akaongeza vyumba, kisha akataka sola juu ya paa. Hapo ndugu yako ana hadithi yake anayopenda kuwasimulia wenye hoteli, ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara. Waya mwingine wa chini ya bahari ulianza kazi 2013, na hilo huwa halisahau kulitaja. Lakini mwenye hoteli akishasikia miezi mitatu, yanayofuata hayamuingii tena. Sola ikaongezwa kwenye mkataba, na sisi tukaongeza miezi ya kupanga nyumba.

Sasa picha. Zote ulizoziona nilizipiga maji yamejaa. Yakijaa, Jambiani ni kalenda ya ukutani. Yakipwa, hasa siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inarudi nyuma kuelekea mwambani, na pale ulipoona maji ya samawati panabaki matope meupe, majani, safu za vijiti na wanawake walioinama. Wengine wanafunga mwani, wengine wanachokoa pweza kwa fimbo, wengine wanafukua makumbi ya nazi waliyoyafukia miezi mingi iliyopita, wayaponde wapate usumba wa kusokotea kamba. Picha za hapo sipigi. Ukimwelekezea simu mtu aliye kazini bila kumuomba, anakugeuzia mgongo, na ana haki.

Hata mimi na cherehani langu nafuata maji. Mteja akisema atapitia gauni lake maji yakijaa, simuulizi saa. Nahesabu tu kwamba kesho yatachelewa karibu saa nzima kuliko leo, nami napata nafasi ya kumalizia pindo.

Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huku jembe haliingii, wifi. Chini ni jiwe la matumbawe, muhogo unapandwa kwenye vishimo vya udongo katikati ya miamba. Kwa hiyo mama mwenye nyumba wetu alinipa tai-tai, vile vikamba vidogo vya kufungia miche ya mwani kwenye kamba ndefu. Nikishona asubuhi, jioni nakaa naye barazani tunafunga. Kamba zinakwenda baharini, zinanyooshwa kati ya vijiti viwili, na baada ya wiki sita hivi zinavunwa. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, yeye akiwa msichana. Anasema mwanzoni hata wanaume walijaribu, wakaiona bei, wakarudi kwenye samaki. Mwani ukishakauka unanunuliwa kwa kilo na kusafirishwa nje, huko unatolewa kitu cha kuzitia uzito dawa za meno na aiskrimu. Bei hupangwa mbali na baraza lake.

Kuna mwani wenye bei nzuri zaidi, wanauita kotonii. Huo hautaki maji ya moto. Joto likizidi unageuka mweupe, unalegea, unakatika wenyewe. Ungekaa salama kwenye kina kirefu, lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wanaolima hawajui. Wamezaliwa pwani, ndiyo, na hawajui kuogelea. Nani alikuwa na muda wa kuwafundisha? Basi wanabaki na spinosamu, mwani wa bei ya chini, kwenye maji ya magotini.

Hili jingine sikulileta kwenye kundi la familia, nalisema hapa. Mbele ya hoteli anayoifungia umeme ndugu yako kuna mashamba ya mwani. Mgeni anayelipa kwa dola anataka kuoga bila kamba kumgusa mguu. Pale Paje, kijiji jirani, vipindi vya upepo, anga lote linajaa matiara ya watu wanaoteleza juu ya maji, na wakulima wanalalamika kwamba matiara yanapita juu ya vijiti vyao. Njia za kushukia pwani nazo zinabanwa kuta kwa kuta. Kwa hiyo tunakula mkate unaotoka upande mmoja na kulala nyumbani kwa upande wa pili. Mama mwenye nyumba analijua hilo kuliko mimi. Mwanawe ni mpishi kwenye hoteli nyingine, na mshahara wake ndio ulioezeka bati nyumba tunayolala. Nilipomuuliza anaonaje, alinipa fungu jingine la tai-tai.

Unauliza tunaishi kama nani. Swali zuri, maana watalii si sisi na wenyeji si sisi. Siku za mwanzo tulikwenda kujitambulisha kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa huku, akatuandika. Dukani walitupa bei ya wapitanjia mpaka muuza duka alipomuona mwanetu amevaa kanzu anakwenda chuoni kusoma Kurani, siku hiyo hiyo bei ikashuka. Julai tukachukuliwa Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya. Wanaume wanachapana kwa mapande ya migomba kumaliza vinyongo, kibanda cha makuti kinachomwa, wanawake wanapita na nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa mama mkwe akisoma. Siku ile nyumba haipendi kukosa mgeni, kwa hiyo tuligombewa. Kwa mara ya kwanza kutokuwa wa hapa kulikuwa na faida.

Mwanetu hajambo. Asubuhi shule, mchana chuoni, jioni mpira pwani kama maji yameacha kiwanja. Huku msingi unaishia darasa la sita, tukihama tutapanga vizuri ili asiyumbe. Anarudi na maneno ya kusini ambayo baba yake hayaelewi, na wawili hao wanacheka mpaka chakula kinapoa.

Badala ya kutuma maneno, njoo. Ukishuka bandarini tafuta gari namba 309, ukae upande wenye kivuli. Mkipita msitu wa Jozani kima punju wanaweza kuwa barabarani. Dereva atapunguza mwendo, wewe usiwatupie ndizi. Lete yeboyebo, maana huko kwenye mawe kuna wadudu wa miiba myeusi na hawajali mgeni ni wa nani. Usije siku za bamvu ukitegemea kuoga saa nne asubuhi, utakuta tope. Subiri alasiri. Nami niletee zipu ndefu na uzi mweusi, hapa vinaisha upesi.

Kuhusu tarehe ya kurudi: vyumba vya ghorofani bado havijavutwa nyaya, na betri za sola ziko bandarini zinasubiri karatasi. Zikitoka nitakuambia mwenyewe, usimuulize binamu. Na kama unakuja na mama mkwe, nijulishe mapema nimtafutie godoro gumu, la sasa litamuumiza kiuno.