Andiko lililosomwa na mtoto

Mwanga, Kigoma
Jumapili jioni

Shija rafiki yangu,

Habari za Tabora? Asali uliyoitia kwenye treni imefika, ila kidumu kilivuja na begi la mtu wa watu limenata. Nimemwomba radhi kwa niaba yako.

Juzi kwenye simu uliniuliza kompaila yangu, ile programu ya kugeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, imefika wapi, nikasema "inakwenda" kwa aibu tu. Wiki mbili nzima nimekwama kwenye kuondoa maandiko mfu. Simaanishi ya kanisani. Programu inaandika thamani kwenye kumbukumbu, na kabla hajatokea wa kuisoma inaandika nyingine palepale. Andiko la kwanza lilikuwa kazi bure, kwa hiyo kompaila ina ruhusa ya kulifuta.

Niliona rahisi. Ukikuta maandiko mawili ya mahali pamoja yanafuatana, futa la kwanza, basi. Nikajisifu. Kisha ile programu ya mizani ya dagaa niliyomwandikia mama mdogo ikaanza kutoa jumla ya sifuri. Nilikesha hadi saa nane usiku. Mle ndani kulikuwa na uzito = 35, kisha ongeza(), kisha uzito = 0 ili kungoja ndoo inayofuata. Kompaila yangu iliona 35 na 0, ikaitupa 35. Kumbe ongeza() ina pointa, yaani anwani, ya mahali palepale, na ndiyo iliyokuwa ikisoma.

Kesho yake nilikuwa Kibirizi namsaidia mama mdogo kuanua dagaa. Ana kibao cha chaki. Asubuhi aliandika bei, mitumbwi ikarudi karibu mitupu, akaifuta kwa pindo la kanga na kuandika ya juu zaidi. Mnunuzi hata mmoja hakuwa amefika. Haukupita muda akaja mama mmoja kudai bei ya kwanza: mwanawe alipita, akaisoma, akakimbia nayo nyumbani. Walibishana weee! Mimi nacheka peke yangu, nani nitamweleza?

Kumpata aliyeandika juu ya mwenzake si kazi. Kazi ni kumtafuta huyo mtoto, yaani msomaji aliyefichika katikati. LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, kabla ya toleo la 12 la mwaka 2021, ilikuwa ikimtafuta zaidi ndani ya kipande kimoja cha maagizo kisicho na njia panda. Sasa inatumia MemorySSA, ramani ya kumbukumbu inayofunga kila kusoma na kila kuandika kwenye andiko lililotangulia, kwa hiyo unafuata uzi kupita matawi bila kukagua agizo moja moja. Nimeiga kidogo. Nikifika kwenye mwito unaoweza kurusha hitilafu na kutoka nje, kumbukumbu inayoonekana huko nje naihesabu kuwa imesomwa. Lakini kigeu cha ndani ambacho anwani yake haijatoka kwenye fanksheni, andiko lake la mwisho lisilosomwa tena nalifuta hata kama hakuna lililolifunika.

Kinachonifurahisha zaidi ni vifo nusu. memset (agizo la kujaza kumbukumbu kwa thamani moja) ya baiti 32, halafu baiti 8 za mwanzo zinaandikwa upya: huifuti, unaipunguza ibaki 24.

Ila kuna moja linaniudhi. Programu inafuta nywila kwa memset kabla ya kumaliza. Kompaila inaona hakuna atakayesoma zile sifuri, inaondoa ufutaji, nywila inabaki kwenye kumbukumbu. Na kisheria haijakosea! Ndiyo maana C23, toleo mojawapo la lugha ya C, imeleta memset_explicit, ambayo kompaila hairuhusiwi kuiondoa. Kwenye yangu nimeiweka tangu jana.

Nitumie ile programu yako ya stoo ya tumbaku, ina pointa nyingi za kunitesa. Na mimi nakutia dagaa kwenye treni ya wiki hii, nimewafunga mara tatu. Mizani ya mama mdogo sasa inajumlisha sawa, ingawa bado naona anaandika pembeni kwenye daftari.

Wako,
Baraka