Uyoga wa njozi na maumivu sugu: swali la kificho

Mhariri,

Taarifa kwamba LSD, dawa ya njozi ya maabara, na silosaibini, kemikali ya uyoga wa njozi, zinatibu maumivu sugu zimeutangulia ushahidi. Ushahidi upo, ila ni mwembamba.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1964, watafiti Eric Kast na mwenzake Collins walilinganisha dawa tatu kwa wagonjwa mahututi 50: dawa mbili kali za maumivu, haidromofoni miligramu 2 na pethidini miligramu 100, na LSD mikrogramu 100. Nafuu ya LSD ndiyo iliyodumu zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 ukaziweka LSD na silosaibini katika jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali kuliko yote, na utafiti ukadorora kwa miongo kadhaa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2021 uliwataka watu 24 watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali. Walipomeza LSD mikrogramu 20 walistahimili kwa takriban asilimia 20 zaidi kuliko walipomeza plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu. Lakini hao walikuwa wazima wa afya, na kustahimili maji baridi kwa dakika chache si sawa na kuishi miaka na neva iliyoharibika.

Tatizo kubwa ni kificho, yaani mshiriki wa jaribio asijue kama amepewa dawa halisi au plasebo. Mtu akimeza miligramu 25 za silosaibini hahitaji kuambiwa amepewa nini: rangi zinakolea, ukuta unaonekana kama unapumua, na hali hiyo huchukua saa nne hadi sita. Wa plasebo naye, saa moja ikipita bila lolote, anajua amekosa. Sasa maumivu hayana kipimo cha damu; mgonjwa huulizwa ataje namba, 0 hadi 10. Furaha ya kuipata dawa, au uchungu wa kuikosa, huingia moja kwa moja kwenye namba hiyo. Watafiti wengine hutumia niasini, vitamini ambayo huufanya uso uwake moto, ili kumchanganya mshiriki. Husaidia kidogo tu. La msingi ni kumwuliza kila mshiriki anadhani amepewa nini, kisha kuyachapisha majibu hayo pamoja na matokeo.

Jingine ni dawa ambazo mgonjwa tayari anazitumia, maana mwenye maumivu sugu ni nadra kukosa kifuko cha vidonge. Tramadoli, dawa ya maumivu, huongeza serotonini, kemikali ya ubongo, na kurahisisha degedege. Lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, ikichanganywa na saikedeliki (dawa za njozi kama hizi), degedege limeripotiwa. Dawa nyingi za sonona zinazoongeza serotonini hufifisha athari ya silosaibini, hivyo mtu hudhani kipimo kilikuwa kidogo akaongeza. Akiziacha dawa za sonona ghafla ili silosaibini “ifanye kazi”, anapata kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi. Saikedeliki zenyewe nazo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, au ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huo, kwa kawaida haruhusiwi kushiriki majaribio. Na anayejipimia uyoga mwenyewe akumbuke kwamba gramu moja ya leo yaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa na ya jana.

Tunaomba taarifa ijayo itaje idadi ya washiriki, kama walikuwa wagonjwa au wazima, kipimo walichopewa, na wangapi waliotambua walichomeza. Australia inaweza kutajwa pia, ila kwa usahihi: kibali chake cha silosaibini cha Julai 2023 ni cha sonona iliyoshindikana kwa tiba nyingine. Maumivu hayamo.